Wanatajwa kila kikao ila ardhi wanayo nani? Stori ndefu ya Waaborijini wa Australia

Mshamba wa Perth (mleta uzi)

Wakuu habari za muda huu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, mwenye kahawa avute kiti.

Nilikaa Perth kule Australia miaka miwili kimasomo. Kilichonishangaza sio kangaruu, ni vikao. Kila kikao, hata kile cha watu saba wa kupangiana zamu ya kusafisha jiko la hosteli, anasimama mtu anasema tunawatambua Wanoongar, wenye asili wa ardhi hii, na tunawaheshimu wazee wao. Halafu anakaa, tunaendelea na habari za masufuria. Wiki ya kwanza nikaona ni adabu nzuri sana hii. Wiki ya tano nikamnong'oneza jirani yangu, sasa kama mnajua ni yao si muwarudishie? Akacheka kile kicheko cha mtu ambaye hajafurahi. Toka siku hiyo nikawa nasoma hii kitu mpaka usiku, masomo yangu yenyewe nikawa nayaona kama ya ziada.

Twende. Mwaka 1770 Kapteni James Cook alipita pwani yote ya mashariki, alipofika kisiwa kimoja huko juu kaskazini akasimika bendera, akatangaza kwamba upande wote huu ni mali ya mfalme wa Uingereza. Tarehe 26 Januari 1788 Arthur Phillip akatia nanga pale Sydney na msafara wa meli 11, humo ndani wafungwa mamia. Wenyeji, yaani Waaborijini, walikuwepo na walionekana kwa macho, Waingereza waliwaandika mpaka kwenye madaftari yao. Lugha tu zilikuwa zaidi ya 250. Ila kisheria nchi ikahesabiwa kama haina mwenyewe, kitu ambacho baadaye wanasheria walikuja kukiita terra nullius. Hoja yao: hawa hawana uzio, hawana shamba la kueleweka, hawana mfalme wa kusaini naye, basi hapa hakuna mtu. Yaani umetoka kwenda kuswali, unarudi unakuta jamaa kakaa sebuleni kwako anakuuliza risiti ya kochi.

Na hapa mzingatie kitu. New Zealand pale jirani Waingereza walisaini mkataba wa Waitangi na Wamaori mwaka 1840. Baadaye waliupindapinda lakini karatasi ipo. Australia hakuna. Serikali ya taifa mpaka leo haijawahi kusaini mkataba na wenyeji hata mmoja.

Kuna mtu mmoja tu alijaribu, na jina lake msicheke, aliitwa John Batman. Mwaka 1835, pale ambapo leo ni Melbourne, akakaa na wazee wa Kiwurundjeri akawapa mablanketi, visu, mikasi, vioo na unga, akaondoka na karatasi inayosema kanunua maekari laki kadhaa. Wizi mtupu. Gavana Bourke akaifuta hiyo karatasi, na hapa ndo penyewe: hakuifuta kwa sababu wazee wameibiwa. Aliifuta kwa sababu wazee hawakuwa na ardhi ya kuuza, yote ni ya mfalme. Mwizi kakamatwa kwa kosa la kununua kwa mtu asiye na mali.

Naendelea, msikomenti sana kwanza.

Kiroboto wa Tandika

Batman kaenda kununua Melbourne kwa vioo 😂😂 nimekaa mkao wa kula mkuu endelea

Binti Mwembetanga

Mleta uzi mimi nilisikia hawa watu mpaka 1967 walikuwa wanahesabiwa chini ya sheria ya wanyama na mimea, kweli au?

Mshamba wa Perth

Dada yangu hiyo nilikutana nayo kila mahali, hata wenyewe kule wapo wengi wanaiamini, ila sio kweli, sheria kama hiyo haikuwahi kuwepo. Ukweli wenyewe unatosha kuumiza bila kuongezewa chumvi. Katiba ya 1901 ilikuwa na kifungu cha 127 kinasema watu wakihesabiwa katika taifa, Waaborijini wasihesabiwe. Na kifungu kingine kilikataza bunge la taifa kuwatungia sheria maalum, kwa hiyo kila jimbo liliwafanya linavyotaka. Jimbo ndo linaamua uishi kambi gani, umuoe nani, mshahara wako nani akutunzie, na watoto walichukuliwa kutoka kwa mama zao wakalelewe kizungu. Tarehe 27 Mei 1967 ikapigwa kura ya maoni kuondoa hayo mambo mawili, ikapita kwa zaidi ya asilimia 90. Watu wengi wanadhani ndo siku walipopewa haki ya kupiga kura, hapana, kura ya taifa walishapata 1962, Queensland ndo ilikuwa ya mwisho kwenye kura za jimbo, 1965.

Sasa kura ya 1967 haikumrudishia mtu hata robo heka. Ardhi ilidaiwa na watu wengine kabisa, wachunga ng'ombe.

Twendeni ranchi ya Wave Hill, jimbo la kaskazini (Northern Territory), nchi ya Wagurindji. Ranchi ilishikwa na kampuni ya Vestey, familia ya matajiri wa nyama kutoka Uingereza. Wagurindji ndo waliokuwa wanafuga, wanaswaga, wanatia chapa, wanawake wanafanya kazi majumbani, malipo ni unga, sukari, chai, tumbaku na vijisenti. Machi 1966 tume ya mishahara ikaamua kwamba wachunga ng'ombe weusi walipwe sawa na wazungu, ila wenye ranchi wapewe muda wa kujipanga mpaka Desemba 1968. Yaani haki yako tumeiona, subiri karibu miaka mitatu.

Tarehe 23 Agosti 1966 mzee Vincent Lingiari akawatoa watu wake kama 200 hivi, wakabeba vitu vyao wakaondoka kwa miguu. Wenye ranchi wakadhani ni mgomo wa mshahara, wakapandisha ofa. Wapi. Wale wazee wakaenda kukaa kwenye kijito, sehemu wanayoiita Daguragu, na ikawa wazi hawadai hela, wanadai nchi. Mwaka 1967 wakamwandikia Gavana Mkuu wakiomba maili za mraba 500 tu kati ya lile eneo lote. Wakakataliwa. Wakaendelea kukaa. Mgomo wa miaka tisa wakuu, sisi huku mgomo wa daladala siku mbili tu tunalia.

Mwaka 1975, tarehe 16 Agosti, waziri mkuu Gough Whitlam akaenda mwenyewe mpaka Daguragu, akachota mchanga akammiminia Lingiari kiganjani. Picha yake ni maarufu sana kule, aliipiga Mervyn Bishop ambaye naye ni Mwaborijini. Na picha ile ni ya kurudia! Tukio lenyewe lilifanyika kivulini, Bishop akaona mwanga hautoshi akawaomba watoke nje juani wamwagiane mchanga tena. Kwa hiyo ile picha ya taifa ni tukio la pili. Mie nilipojua hilo nilicheka peke yangu maktaba.

Ila siku hiyo Wagurindji walipewa ukodishaji tu. Umiliki kamili walikuja kuupata 1986. Lingiari alifariki 1988, angalau aliuona.

Wakili wa Mtaani

Mleta uzi umenigusa kwenye fani, hebu niingize kitu kidogo. Umesema kule hawakuwa na mkataba. Huku kwetu Wamaasai wa Kenya walikuwa nao na haukuwasaidia. Mkataba wa 1904 uliwahamisha Bonde la Ufa ukawapa eneo la Laikipia, ukasema utadumu maadamu Wamaasai wapo. Mwaka 1911 ukaja mwingine wa kuwatoa hapo hapo Laikipia. Ole Njogo na wenzake wakaenda mahakamani 1913, wakajibiwa kwamba ule ni mkataba kati ya dola na dola kwa hiyo mahakama haina mamlaka nao. Angalia ufundi huo: kule hakuna karatasi basi hakuna haki, huku karatasi ipo basi hakuna kesi.

Mshamba wa Perth

Wakili heshima yako, hiyo nilikuwa siijui vizuri. Na kule nao kuna kesi inafanana na hiyo ufundi wake.

Mwaka 1963 serikali iliwakata Wayolngu wa Yirrkala, huko Arnhem Land, eneo ili ichimbwe boksiti (madini ya alumini), na hawakuulizwa. Wazee wakatengeneza ombi kwa bunge kwenye magome ya mti, pembeni wakachora nembo za koo zao, katikati maneno yamepigwa taipu kwa Kigumatj, lugha yao, na Kiingereza. Unaelewa walichofanya? Mmesema hatuna hati, haya, hati zetu ndo hizi, hii michoro ndo inasema nani ni nani na nchi yake inaishia wapi. Bunge likayapokea, likaunda kamati, na mgodi ukaendelea. Magome yale mpaka leo yapo bungeni Canberra yamewekwa kwenye kioo.

Wakaenda mahakamani. Mwaka 1971 Jaji Blackburn akasikiliza ushahidi mrefu akakubali kabisa kwamba hawa watu wana sheria, tena sheria iliyopangika vizuri. Halafu akasema kwa ushahidi huo ni rahisi zaidi kusema ukoo ni wa ardhi kuliko kusema ardhi ni ya ukoo. Kwa hiyo sio mali, kesi imeanguka. Mzee wa pwani yeyote ukimwambia sisi ni wa ardhi hii anajua ni kauli ya mwenyewe, sio ya mpangaji. Pale ikageuzwa kuwa ndo sababu ya kuwanyima.

Mwaka uliofuata, 1972, waziri mkuu McMahon akatangaza kwamba haki ya ardhi hakuna, mtakodishwa tu. Vijana wanne wa Kiaborijini wakatoka Sydney usiku na gari, wakafika Canberra wakachomeka mwavuli wa ufukweni kwenye nyasi mbele ya bunge, tarehe ileile 26 Januari, wakaandika ubalozi. Maana yake kama nchini kwetu tunafanywa wageni, basi na sisi tuwe na ubalozi kama wageni wengine. Polisi walivunja mahema, yakarudi. Na wanasheria wakagundua hakukuwa na sheria ya kukataza mtu kupiga kambi pale 😂

Baada ya hapo ndo ikaja sheria ya ardhi ya jimbo la kaskazini, 1976. Hiyo ndo nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, maana wenye ardhi wana nguvu ya kumkatalia mtu wa madini asiingie. Leo karibu nusu ya jimbo lile ni ardhi yao. Uluru, lile jiwe jekundu la kwenye matangazo ya utalii, lilirudishwa 26 Oktoba 1985, ingawa papo hapo wakatakiwa waikodishie serikali hifadhi kwa miaka 99. Walikuwa wanaomba watu wasilipande, watalii wakawa wanapanda tu, mpaka 26 Oktoba 2019 ndo ikafungwa kabisa.

Njoroge wa Nax

Na Mabo? Hiyo jina naisikia sana kwa mambo ya ardhi, hujaigusa buda.

Mshamba wa Perth

Nilikuwa namtunzia nafasi yake. Eddie Koiki Mabo alikuwa mtunza bustani, sio mwanafunzi, mtunza bustani, pale chuo kikuu cha James Cook, Townsville. Ndio, James Cook yule yule wa bendera. Kwao ni kisiwa cha Mer, kati ya Queensland na Papua New Guinea. Wale sio Waaborijini wa bara, ni watu wa visiwa vya Torres Strait, wakulima na wavuvi, kila familia inajua mpaka wake. Siku moja anapiga stori na wahadhiri wawili wa historia, Henry Reynolds na Noel Loos, anawaelezea shamba la kwao. Wakatazamana, wakamwambia kwa upole kwamba kisheria lile shamba ni la serikali. Hakuamini. Alikuwa ni mtu ambaye hata kwenda kwao kulihitaji ruhusa, baba yake aliyemlea alipougua alinyimwa kuingia kisiwani, mzee akafariki yeye yupo Townsville.

Mwaka 1982 yeye na wenzake wanne wakafungua kesi. Jimbo la Queensland mwaka 1985 likatunga sheria fupi kabisa kusema haki yoyote waliyokuwa nayo visiwani ilishafutika toka 1879, na fidia hakuna. Ukiona mtu anatunga sheria ya kufuta kitu ambacho anasema hakipo, jua anajua kipo. Mahakama Kuu ikaitupa hiyo sheria 1988. (Mahakama Kuu kule ndo ya mwisho, kama Mahakama ya Rufani kwetu Bongo.)

Ushahidi sasa. Watu walieleza mipaka ya bustani, mitego ya samaki ya mawe, nani alirithi kwa nani, na sheria ya Malo, ambaye ndo mungu wao wa asili, inayosema Malo haweki mkono wala mguu kwenye cha mwenzie. Jaji aliyepewa kazi ya kuchunguza ushahidi hakukubali madai binafsi ya Mabo, alitilia shaka ile habari ya kuasiliwa na mjomba wake. Kwa hiyo kesi yenye jina lake, viwanja vyake yeye havikupita. Wenzake ndo waliobeba.

Alifariki kwa kansa Januari 1992. Hukumu ikasomwa tarehe 3 Juni 1992, majaji sita kwa mmoja: wenyeji walikuwa na haki zao kabla ya bendera na haki hizo hazikufa kwa sababu tu ya bendera. Kaburi lake Townsville wahuni walikuja kulichafua 1995, familia ikamhamisha ikamzika upya Mer.

Kiroboto wa Tandika

Duh. Basi hapo walirudishiwa nchi yote? Si wazungu walihama?

Mshamba wa Perth

Hakuna aliyehama mkuu. Kipindi kile watu walitishwa kwamba bustani za nyuma ya nyumba zitachukuliwa, ilikuwa uongo. Hukumu ile ile ilisema serikali ikishampa mtu hati ya kudumu, haki ya asili imekufa hapo. Na sheria iliyofuata ya 1993 inamtaka mwenyeji ndo athibitishe kwamba toka mzungu anaingia mpaka leo jamii yake haijaacha kushika mila kwenye ardhi ile. Sasa fikiria, watu uliowafukuza, ukachukua watoto wao, ukawakataza lugha, halafu unawauliza mbona mmeacha mila? Wayorta Yorta wa kusini waliangukia hapo, jaji aliwaeleza 1998 kwamba wimbi la historia limeshawafagilia haki yao, na 2002 Mahakama Kuu ikawakatalia rufaa. Wimbi! Kama vile lilikuja lenyewe.

Na hata ukishinda, kwa sheria hii ya 1993 huna nguvu ya kukataa mgodi, una haki ya kukaa mezani tu. Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, sehemu watu waliyoitumia toka miaka 46,000 iliyopita, na kibali walikuwa nacho. Bosi mkuu aliondoka kazini, ila mapango ndo hayarudi.

Mpare Mkweli

Mimi nitasema ambalo hamtaki kusikia. Wamepewa kura, wamepewa nusu ya jimbo, wameombwa msamaha, wanalipwa. Wanataka nini tena? Na 2023 wananchi wenyewe walikataa.

Mshamba wa Perth

Swali halali mkuu, tusikuzomee. Msamaha wa Kevin Rudd wa 13 Februari 2008 ulihusu watoto waliochukuliwa, haukugusa ardhi. Ya 2023 ni hivi: mwaka 2017 wajumbe wao walikutana Uluru wakaomba chombo cha kuwashauri wabunge kiandikwe kwenye katiba. Cha kushauri tu, hakina kura wala hakiwezi kuzuia chochote. Waliomba kwenye katiba kwa sababu vyombo vya nyuma viliundwa na kufutwa kila serikali ikibadilika. Tarehe 14 Oktoba 2023 ikapigwa kura, asilimia 60 hivi wakasema hapana, majimbo yote sita. Kaulimbiu moja ya upande wa hapana ilikuwa kama hujui, piga hapana. Sikatai, na wenyeji wenyewe wapo waliopinga, wengine wakisema tunataka mkataba sio baraza la ushauri. Lakini wao ni kama asilimia 4 tu ya wananchi. Mkipiga kura ya nani mwenye nyumba, mliohamia mko 96 na wenyewe wako wanne, matokeo mnayajua kabla hamjafungua sanduku.

Binti Mwembetanga

Sasa hao Wanoongar wa kwenye kikao chako cha masufuria walipata nini?

Mshamba wa Perth

Nilijua mtu atauliza. Mwaka 2006 jaji mmoja wa mahakama ya shirikisho, Wilcox, alisema Wanoongar bado wana haki ya asili Perth, mji mkuu wa jimbo! Ilikuwa mara ya kwanza kwa jiji kubwa. Serikali zikakata rufaa, 2008 hukumu ikatenguliwa, irudi ikasikilizwe upya. Badala ya kurudi mahakamani wakaanza mazungumzo yaliyochukua miaka na miaka, wenyewe kwa wenyewe wakigombana kama tukubali au tukatae. Mwisho makubaliano yakaanza kutekelezwa Februari 2021: kifurushi cha kama dola bilioni 1.3 za kule, ndani yake kuna ardhi, nyumba, mfuko wa pesa na sheria inayowatambua kama wenye asili wa kusini magharibi yote. Na wao kwa upande wao wakasalimisha haki yao ya asili, iishe moja kwa moja.

Kwa hiyo yule anayesimama kwenye kikao anasema ukweli, kuna sheria inasema hivyo hivyo, kwamba ni wenye asili. Ila kipande kilichokuwa kinafanya kutajwa kuwe na meno wameshakiuza. Kuna wazee wa Kinoongar wanauona ndo mkataba wa kwanza wa kweli Australia, na kuna vijana wao waliopiga kambi kwenye kisiwa cha mtoni pale Perth kupinga. Mimi nilishindwa kuchagua upande, nikawa nasikiliza tu.

Habari za fidia ya Wagumatj (ukoo wa wale Wayolngu), ile hukumu ya 2025, nitaileta kesho, simu ina asilimia 6 na umeme hatuna toka saa kumi.

Kiroboto wa Tandika

Mkuu usisahau utu-tag